Turbo Ilinitia Adabu!

Wasomaji, ujana ni moshi! Ian Duncan wa Kenya aliposhinda Safari Rally mwaka 1994 kwa Celica ya turbo, nikaanza kuota. Miaka ikapita, nikapata Celica, ila haina turbo. Nikanunua ya mtumba kwa pesa ya kodi ya nyumba, nikaifunga mwenyewe uani, Ngamiani. Moshi wa ekzosi unazungusha feni, feni inasukuma hewa injini. Rahisi! Kumbe injini isiyo ya turbo hubana mno. Hewa ikizidi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Njia ya Pangani gari likaruka kama swala, mara paa! Pistoni imetoboka. Nyumbani mke wangu: "Baba watoto, mwenye nyumba kapiga hodi." Nilikosa pa kuficha uso.