Toka Butembo Mpaka Goma Ni Mbali Namna Gani?



Mwalimu wetu wa jografia alitupa kazi hii: tafuteni umbali wa Butembo na Goma, na wakati ambao ndege itatumia. Tukachukua ramani na lati. Mji wetu uko kidogo tu kaskazini ya ikweta, Goma iko kusini yake, na yote miwili inafuatana karibu juu ya mustari mumoja. Kati yao kuna digri 1,8 hivi. Digri moja ni kilometa 111. Basi tukapata kilometa 200. Ndege ndogo ikienda kilometa 250 kwa saa, itafika kwa dakika 48. Nikapata 10 juu ya 10.

Nikafunga kaye, lakini roho haikutulia.

Mwaka 2025 koko wetu alikufa hapa Bulengera. Yaya wangu mukubwa alikuwa Goma kwa masomo. Koko njo aliyemulea, akamulipia na shule kwa kuuza maharagi sokoni. Baba akamupigia telefone asubui: "Koko ametuacha. Tutakungoja siku mbili."

Dakika 48! Lakini uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu Januari ya mwaka ule, vita ilipoingia mujini. Kwa barabara, kupita Rutshuru, Rwindi, Kanyabayonga na Lubero, ni karibu kilometa 300. Nayo ilikuwa imekatwa katikati na vita.

Yaya akazunguka kwa inchi ya wengine: Bunagana, Kisoro, Kabale, Mbarara, Kasese, Mpondwe. Akaingia tena Congo kwa Kasindi, kisha Beni, kisha Butembo. Ni kilometa zaidi ya 600, mupaka mara mbili, na feza za kukopa. Baba akaongeza siku ya tatu. Siku ya ine chakula cha kilio kikaisha, watu wakachoka, tukazika.

Yaya akafika kesho yake, magaribi, miguu imevimba. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Mulimuvika kitambaa gani?" Mama akamujibu: "Kile cha bluu ulichomutumia Noeli." Hapo njo alilia.

Katika Kumbukumbu la Torati, mulango wa 1, tunasoma kwamba toka Horebu mpaka Kadesh-Barnea ni safari ya siku 11. Hata hivyo, mwaka wa 40 Waisraeli walikuwa wangali jangwani. Njia haikuongezeka hata hatua moja. Watu wenyewe njo waliirefusha.

Nilimwendea mwalimu, nikamwambia: "Mwalimu, hesabu yangu ina majibu matatu: 200, 300 na 600. Nitaandika gani?" Alinyamaza kidogo, kwa sababu yeye pia ana watu wake kule. Kisha akasema: "Kwa mutihani, mwanangu, andika 200. Kwa gazeti la shule, andika yote matatu."

Ninyi munaosoma, kama munaye ndugu upande ule, mumutumie neno leo. Tuombee njia ifunguke, ili ile 10 yangu iwe ya kweli.

Mwanafunzi wa kalasi la tano