Maji Yasiyolala

Juni 1982 nilikuwa na miaka kumi na sijawahi kuuona mlima. Tulikaa Temeke, nyumba ya wapangaji sita, na bomba la mtaa lilitoa maji usiku, tena siku lilipojisikia. Saa nane za usiku mama aliniamsha nikapange ndoo. Hadi leo, nikiukumbuka utoto wangu, kinachotangulia ni mlio wa ndoo za bati zikigongana gizani na watu wazima wakigombea nafasi.

Shule zilipofungwa, baba akanichukua kwenda kwao Lushoto. Tulipanda basi Kisutu alfajiri. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida. Tulisimama Chalinze, tukasimama Segera, tukafika Mombo jua limeshazama. Tulilala hapohapo, asubuhi tukadandia lori. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na karibu zote ni kona: mwamba upande huu, korongo upande ule. Pale Soni baba akanigusa bega nitazame maporomoko. Maji meupe yalikuwa yakimwagika mwambani mchana kweupe, hakuna mtu aliyekinga.

"Baba, nani kafungua?" nikamwuliza.

Alicheka mpaka akashika ubavu.

Kwa bibi ni upande wa Irente. Kutoka mjini Lushoto si mbali kwa miguu, lakini sisi tulitumia nusu siku, maana kila tuliyekutana naye njiani alitua mzigo, akatuamkia kwa Kisambaa, akauliza habari za Dar, za mama, za watoto, ndipo akajitwika tena. Mimi niliona tunacheleweshwa. Sasa najua kwamba ndivyo mgeni anavyoingizwa kijijini, na anayepita pale ndani ya gari amefika bila kupokewa.

Baridi ya Juni kule si mchezo. Bibi alinivisha koti la marehemu babu, mikono ikaburuza chini, akanilaza karibu na mafiga. Usiku nikashtuka. Nasikia maji! Nikakurupuka, nikapapasa sufuria, nikafungua mlango.

"Unakwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Bibi, maji yametoka!"

Alinishika mkono, tukatoka pamoja kwenye ukungu. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, palikuwa na mfereji usiozidi upana wa mikono yangu miwili, na maji yakipita taratibu. "Hayo hayalali," akasema. "Nenda ukalale wewe."

Kulipokucha nikaona kumbe hata maji hayo yana zamu. Kila shamba lilikuwa na siku yake. Siku ya bibi ilipofika, alishuka na jembe, akaziba mfereji kwa udongo na vipande vya mgomba, kisha akakata ukingo kwa pigo moja. Maji yakageuka. Yakaingia tuta la kwanza la kabichi, yakasita, udongo mkavu ukayanywa kwa sauti ndogo, yakasogea tuta la pili. Bibi alitembea nayo hivyo peku mpaka mwisho wa shamba. Jua lilipofika pale walipokubaliana, akabomoa kizibo chake mwenyewe, na jirani wa chini alikuwa hajafika hata kuyadai.

Siku moja baba alinipeleka jabalini Irente, ambako siku hizi wageni wengi huenda. Ukisimama ukingoni unaona Mazinde na Mombo chini kabisa, mistari ya mkonge na reli ya Tanga kwenda Moshi kama uzi. Ni pazuri mno, nisingependa mtu apakose. Lakini ningemwomba kila anayekwenda ashuke pia mashambani asubuhi, apande hadi msitu wa Magamba unaotunza maji ya milima ile, na alale walau usiku mmoja mahali anapoweza kuyasikia.

Tulirudi Temeke na gunia la viazi. Usiku wa kwanza tu mama akaniamsha. Foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja, jirani yetu, akaniuliza nimeona nini huko milimani, nikamweleza habari ya mfereji. Wanawake wakageuza ndoo zao, wakakaa juu yake.

"Hebu rudia hapo yanapopita usiku," akasema mmoja.

Nikarudia. Usiku uliofuata wakaniomba tena, nikawasimulia mpaka bomba likaanza kukohoa.