Ndago niliyoshauri ipandwe

Mwezi uliopita mfugaji mmoja wa huku kwetu Kondoa aliniuliza kama anaweza kuotesha ndago makusudi, iwe chakula cha bata mzinga wake wakati wa kiangazi. Wenzake waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliwahi kumshauri mtu afanye hivyo hivyo, naye akafanya, na aliyelipa si yeye wala mimi.

Kwanza tuelewane ni ndago ipi. Shina la ndago lina pembe tatu. Lizungushe kati ya vidole utazihisi. Lakini ziko mbili. Ndago chungu ina maua ya rangi ya damu ya mzee, na viazi vyake vidogo vimefuatana chini ya udongo kama shanga kwenye uzi. Ukikitafuna kimoja utatema. Ndago tamu ina maua ya manjano, na kila kiazi kinakaa peke yake mwisho wa mzizi. Ndani ni cheupe na kina mafuta, ladha yake iko karibu na nazi. Watoto wanaochunga wanaijua vizuri kuliko sisi wataalamu. Hata Wamisri wa kale walikula viazi hivyo, na mpaka leo kule Valencia, nchini Hispania, wakulima wanavilima shambani na kutengeneza kinywaji cheupe kama maziwa.

Marekani nako wanailima, ila kwa sababu nyingine. Kule bata mzinga yupo porini, ndiko asili yake. Wawindaji wanatayarisha vipande vya shamba pembeni ya msitu, hasa penye kichanga, wanapanda ndago tamu, wao wanaiita chufa, na kuiacha ikomae kwa miezi mitatu au minne. Ndege wakishaonja hawatoki hapo. Wanakwangua ardhi kwa miguu mpaka shamba linajaa mashimo kama limechimbwa na nguruwe. Kama hawajaigundua, mwenye shamba anapitisha haro mstari mmoja tu ili viazi vionekane juu.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mzee mmoja wa upande wa Pahi. Alikuwa na bata mzinga 22, na kila mwaka ikifika Septemba analalamika bei ya pumba na mashudu ya alizeti. Nikajiona nimeokota dhahabu. Mmea wenyewe tunao, hauuzwi, udongo wake ni kichanga, na ndege anao. Nikamwambia, "Mzee, tafuta ndago tamu kule mbugani, panda robo eka nyuma ya nyumba mvua za Desemba zikianza." Mzee aliniangalia akasema, "Bwana shamba, babu yangu alizeeka anang'oa ndago, wewe unaniambia nipande?" Nikamweleza habari za Marekani. Akakubali, kwa sababu mimi ndiye bwana shamba.

Mwaka wa kwanza nilitembea kifua mbele. Mvua zilipokatika majani yakanyauka, akawafungulia ndege. Walikwangua asubuhi na jioni, wakanenepa, na pumba zikadumu zaidi. Kanga wa porini nao wakashuka kutoka milimani, maana kanga ni fundi wa kufukua ndago kuliko hata bata mzinga. Vijana wakaanza kutega mitego ya kamba. Hapo nilikemea mapema: kanga wa porini ni mali ya Serikali, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumkamata bila leseni au kibali. Hilo la mitego niliona. Lililokuwa linakuja chini ya udongo sikuliona.

Nilisoma habari ya chufa nusu. Aina inayopandwa na wawindaji wale ni ya kufugwa, haivumilii baridi. Majira yao ya baridi yakifika, ardhi ikiganda, viazi vilivyobaki vingi vinakufa, na mara nyingi mwaka unaofuata mwenye shamba anapanda tena. Sisi tulichukua ndago ya mbugani, gugu lenyewe, tukaliweka mahali ambapo ardhi haigandi hata siku moja. Ndege wanakula vya juu. Vya chini vinasubiri mvua. Watafiti wa Minnesota waliwahi kupanda kiazi kimoja cha ndago hii, na baada ya mwaka mmoja walihesabu mimea 1,900 na viazi karibu 7,000. Kiazi kimoja! Sisi tulipanda ndoo mbili.

Na kuna jambo la pili ambalo mtu wa Kondoa hapaswi kuambiwa. Udongo wetu unasafiri. Sisi ndio tulioletewa mradi wa HADO mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Kila mzee wa hapa ana hadithi ya shamba lililohamia kwa jirani. Mimi nikaweka ndago kwenye mteremko, bila tuta, bila mfereji, juu ya bustani ya vitunguu ya mama mmoja.

Mvua ya Januari iliyofuata ilishuka usiku. Asubuhi mchanga ulikuwa umelala juu ya matuta yake ya chini, na ndani ya mchanga ule mlikuwa na viazi vya ndago. Baada ya wiki tatu matuta yalikuwa ya kijani, lakini si kijani cha vitunguu. Kitunguu ni dhaifu mbele ya magugu. Majani yake yamesimama wima, hayatii kivuli, na ndago inapenda jua tupu. Ukiing'oa kwa mkono shina linakatika na kiazi kinabaki. Mama yule alipalilia mara nne msimu ule. Tulipovuna alipata magunia matatu mahali alipozoea kupata kumi na moja, na mbegu alikuwa amenunua kwa mkopo wa kikundi.

Nilikwenda kumpa pole. Nikamwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Bwana shamba, ni wewe uliyesema ipandwe?" Nikasema ni mimi. Hakuniambia neno jingine, akaendelea kukata majani ya vitunguu. Afadhali angenitukana.

Mzee hakutaka kesi. Alimpelekea bata mzinga wanne, wawili majike, na mimi nikabeba marejesho mawili ya mkopo wake. Sisemi haya nisifiwe, maana magunia manane hayakurudi. Kisha tukaanza kazi. Juu tulichimba mfereji wa kontua, tukapandisha tuta na kulishika kwa majani ya tembo. Kipande cha mzee kilipandwa kunde na mbaazi kwa kubananisha, ili kivuli kiifunike ndago. Ikichomoza tu inalimwa kwa jembe, kila baada ya wiki tatu, kabla haijatunga viazi vipya. Ukichelewa mpaka wiki ya sita au ya saba utakuwa umeipanda upya kwa jembe lako. Na jembe lenyewe likitoka pale linakung'utwa udongo wote kabla ya kuingia shamba jingine. Mzee alikuwa mkali kwa hilo kuliko mimi.

Kwa mama tulifanya kinyume cha ushauri wangu wa mwanzo: badala ya kupeleka ndago kwa ndege, tukapeleka ndege kwenye ndago. Alikataa mwaka wa kwanza, na nilimwelewa. Mwaka wa pili, vitunguu vikishatoka, alilima matuta kwa kina wakati udongo una unyevu kidogo, bata mzinga wakamfuata nyuma ya jembe. Ardhi ikikauka ikawa ngumu hawawezi kitu, watakwangua juu tu. Vilivyowaponyoka vikaachwa juani, na jua letu la Agosti liliua vingi. Firigisi ya ndege inasaga kiazi, kwa hiyo usiogope mbolea yao. Dawa ya kuua magugu tuliijaribu pembeni. Majani yaliungua, viazi vikachipua tena.

Kwa hiyo ndugu uliyeniuliza, ndago usiipande. Kama tayari unayo shambani, na wengi wetu tunayo, hiyo ndiyo akiba yako: lima baada ya mavuno, fungulia ndege, simama nao mpaka jioni, warudishe bandani. Ukitaka kitu cha kuwapandia, weka mtama au uwele kipande kidogo na uache masuke shambani. Ukikosea utajutia msimu mmoja tu. Na wewe unayefuga kwenye mteremko, kabla ya kuanza chochote shuka kwanza chini ukaone ni nani anayelima pale, na umwambie unachotaka kufanya.

Sasa ni kiangazi cha nne. Kona ya bustani iliyo karibu na korongo bado ina ndago, na mama ameipanda mbaazi. Kwingine vitunguu vimerudi, msimu uliopita alipata magunia tisa. Kila nikipita ananiambia idadi bila kuulizwa. Juzi alikuwa amechutama kwenye tuta la tatu, akainua mkono uliojaa udongo kabla sijamsalimu: "Bwana shamba, leo saba."