Majina ya Nchi ya Vuasu



Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi huiona milima ya Upare upande wa mkono wake wa kuume kwa muda wa saa nyingi. Hupita Hedaru na Makanya, hufika Same, kisha hupita Lembeni. Akiuliza, "Hapa ni wapi?" huambiwa jina lililoandikwa katika kibao, naye huridhika. Walakini nchi hii ina majina mengi kuliko yale ya vibao. Mengine yaliletwa na wageni, mengine yalibadilishwa na makarani, na mengine yamo vinywani mwa wazee tu. Mwezi huu twataka kuwatembeza katika nchi hii, tukianza uwandani Same, tukapanda Mbaga na Mamba, na kuishia kaskazini katika Ugweno, ili tuone yaliyoyapata majina haya.

Tuanze na jina la nchi yenyewe. Watu wa milima hii hujiita Vaasu, na nchi yao Vuasu, na lugha yao Chasu, ambayo wengine hutamka Chathu. Jina la Pare lilitoka nje. Wazee husimulia ya kuwa jirani zetu Wachaga, walipopigana na watu hawa zamani, walikuwa wakipiga kelele, "Mpare!" maana yake, mpige. Wageni waliokuja baadaye wakalishika neno hilo, wakaliandika katika ramani, na tangu hapo watu wote wakawa Wapare. Leo sisi sote twalitumia bila uchungu. Hata hivyo ni vema mtoto ajue ya kuwa kabla ya kuitwa hivyo na jirani, babu zake walikuwa na jina lao wenyewe.

Sasa tutazame Same. Zamani watu walikaa juu milimani zaidi kuliko uwandani, kwa kuwa huko juu kuna maji, mvua na usalama. Wadachi, ndio Wajerumani, walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ile ilipita chini ya milima, nayo ikavuta maduka na watu kuteremka. Hata hivyo siku zile za Wadachi, Upare wa kusini ulitawaliwa kutoka Usambara, katika mji walioupa jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilipokwisha, Kaisari alikuwa ameondoka katika kiti chake, na jina lake likaondoka katika mji ule pia. Mji ukarudia kuitwa Lushoto, kana kwamba lile jingine halikuwapo. Wakati wa Waingereza Upare ukawa wilaya, na boma likawa Same.

Katika Same ndipo lilipotokea jambo kubwa juu ya jina. Wakati wa vita vya pili vya dunia ilitungwa kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, nayo ikaitwa mbiru. Neno mbiru lilikuwa la zamani; ndilo jina la kitu walichokuwa wakitoa watu kwa wakuu wao. Pengine ilidhaniwa ya kuwa watu wakisikia jina wanalolijua, watatoa bila kunung'unika. Haikuwa hivyo. Watu waliona ya kuwa jina ni lilelile, bali kitu ni kingine. Mwezi wa Januari mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same, wakakaa pale wakingoja kusikilizwa. Shauri lile lilichukua muda mrefu, hata mwisho kodi ile ikaondolewa. Basi twajifunza ya kuwa jina la kale halitoshi kukifanya kitu kipya kuwa cha kale. Watu hulijua jina pamoja na maana yake.

Tuache uwanda sasa, tupande. Njia ya Mbaga yazunguka miteremko yenye migomba na mashamba ya mahindi, na hewa yaanza kuwa baridi. Mbele yetu ni msitu wa Shengena, ambao kilele chake ni cha juu kuliko vyote vya Upare, mita zipatazo 2,460. Njiani twaona ndiva, yaani malambo ambamo watu huyakusanya maji usiku ili kuyafungulia mashambani mchana. Neno hili, ndiva, ni la wenyeji. Kitu ni cha wenyeji, na ujuzi ni wa wenyeji, na jina limekaa pamoja na kazi yake.

Mbaga ndipo alipokaa Jakob Dannholz, mmishonari wa Kilutheri wa Leipzig, aliyeandika kitabu juu ya imani na desturi za Wapare. Karibu na hapo yapo mapango ya Mghimbi. Yasimuliwa ya kuwa watu walijificha ndani yake walipowakimbia watekaji wa watumwa katika karne ya 19. Mgeni akipita asiambiwe jina, ataona mawe na giza tu. Akiambiwa, ataona akina mama walioziba vinywa vya watoto wao wasilie.

Kutoka Mbaga twaenda Mamba. Mwaka 1903 wamishonari wawili wa Waadventista Wasabato, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika katika milima hii, wakaanza kazi mahali paitwapo Giti, katika Mamba. Mahali pale wakapaita Friedenstal, maana yake Bonde la Amani. Ni jina jema, na waliolitoa walilitoa kwa moyo mwema. Lakini bibi aliyekwenda kuteka maji hakusema, "Naenda Friedenstal." Alisema, "Naenda Giti." Wadachi walipoondolewa wakati wa vita, jina lao likabaki katika vitabu, na leo kila mtu husema Mamba Giti. Kazi iliyoanzishwa pale haikufa pamoja na jina la Kidachi. Mwenzao Ernst Kotz alijifunza Chasu kwa bidii, akaandika kitabu cha sarufi yake kilichopigwa chapa mwaka 1909, akafasiri na Agano Jipya. Aliyejifunza jina la kila kitu kama wenyeji walivyokiita, kazi yake ilikaa kuliko jina jipya lililowekwa juu ya mahali.

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya Upare tu. Katika Ulaya uko mji ambao Waaustria waliutawala tangu 1772 hata 1918 wakauita Lemberg. Wapolandi waliushika baadaye hata 1939 wakiuita Lwów. Warusi husema Lvov. Na leo ni mji wa Ukraine, waitwa Lviv. Jina hilo latokana na Lev, mwana wa mfalme Danylo wa karne ya 13, nalo maana yake ni simba. Mwaka 1940 na 1941 Wapolandi wengi wa nchi za mashariki mwa Poland walihamishwa kwa nguvu na Warusi, wakapelekwa mbali katika Siberia na Kazakhstan. Walipofunguliwa walipita Uajemi, na baadhi yao wakaletwa Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1942 watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walikaa Tengeru, karibu na Arusha, si mbali na milima yetu. Vita vilipokwisha, nchi walizozaliwa zilikuwa zimetiwa chini ya serikali nyingine, na wengi hawakuwa na mahali pa kurudi. Makaburi yao yapo Tengeru hata leo. Watu wale walijua maana ya kuwa na mji ambao ramani imekwisha kuupa jina jingine. Waliwafundisha watoto wao majina ya nyumbani katika nchi ya ugeni.

Tumalizie kaskazini. Ugweno, kama wazee wasimuliavyo, uliitwa kwa jina la Mghweno, mkuu wa ukoo wa Washana, wafua chuma waliosifiwa kwa majembe na silaha zao. Wasuya waliwashinda Washana wakawaondoa katika utawala, lakini hawakulifuta jina la aliyeshindwa. Karani aliyeandika kwa Kiswahili aliifanya Vu- ya wenyeji kuwa U-, ndiyo sababu twasoma Usangi na Ugweno. Lakini Vudee na Vuje zilibaki na sauti yao. Mwaka 1979 wilaya ya Pare iligawanywa kuwa Same na Mwanga, na jina la Pare likatoka katika hesabu ya wilaya. Basi hata jina lile la wageni limekuwa la zamani, nasi twalihurumia!

Lakini jambo la kuhuzunisha zaidi si jina la wilaya. Katika Ugweno iko lugha yao wenyewe, Kigweno, iliyo karibu na Kichaga, nayo yapungua. Wazee huisema, vijana husema Chasu na Kiswahili. Lugha ikiondoka, huondoka na majina ya chemchemi, ya mifereji, ya miti ya matambiko na ya njia za kale, ambayo hayakuandikwa na karani yeyote. Jina la Wilhelmstal lilipokufa hapakuwa na hasara. Jina la chemchemi likifa, hakuna wa kulirudisha.

Wasomaji wa Maandiko wanajua habari za Yakobo, alivyolala njiani na kuota ndoto, akapaita mahali pale Betheli. Jina lile lilikuwa jipya na takatifu. Lakini aliyeandika habari hiyo hakusahau kutuambia ya kuwa mji ule hapo kwanza uliitwa Luzu. Ndivyo tufanyavyo vema: tukipokea jipya, tuliandike la kwanza kando yake.

Kwa hiyo twawaomba walimu, mwezi huu kila mtoto apewe daftari, aende kwa babu au bibi yake, aulize majina matano: la kilima kilicho juu ya nyumba yao, la mto, la mfereji, la ndiva, na la mahali ambapo ukoo wao ulitoka. Aandike na maana yake, na jina la aliyemwambia. Nanyi wazazi, msingoje shule. Mkipita njiani pamoja na watoto, watajieni. Wazee wenye majina haya hawatakuwapo siku zote.