Ndege Iliyoleta Mchele, Ikaondoka na Mgonjwa

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa mwaka 1947. Kwetu tunasema maisha yake anadaiwa na ndege, maana baba yake, askari wa Keya, nusura afie Bama mwaka 1944.

Huenda na wewe mzazi unayesoma hapa una mzee wa aina hiyo katika ukoo wako. Vijana wengi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa kupigana vita ya Mwingereza, wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Waliteremka Bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani, wakipitia mji unaoitwa Tamu. Bibi anasema baba yake alilicheka jina hilo, kwani utamu wenyewe hakuuona.

Zilikuwa mvua kubwa. Magari yalikwama kwenye matope, jeshi likawa linalishwa na ndege aina ya Dakota. Mchele, risasi na dawa vilidondoshwa kwa miavuli. Hariri ilikuwa adimu, hivyo mingine ilishonwa kule India kwa juti, nyuzi zile zile za magunia.

Kwangu mimi mwandishi wa habari za afya, lililo kubwa zaidi ni malaria. Jenerali Slim, kamanda wa Jeshi la 14, aliandika kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa majeraha, 120 waliondolewa kwa magonjwa. Vidonge vya kinga vikaanza kumezwa mbele ya maofisa, wagonjwa wakatibiwa karibu na mapigano, na waliozidiwa wakasafirishwa kwa ndege badala ya kusota njiani.

Babu alishikwa na homa, akaanza kuweweseka. Wenzake walimbeba kwa machela hadi kiwanja kilichofyekwa msituni. Kindege kidogo kikamtoa hapo, kisha akapakiwa kwenye Dakota iliyokuwa imeshusha mizigo. Ndege ile ingeweza kurudi tupu. Haikurudi tupu, ndiyo maana mimi nipo.

Katika kazi yangu nimefika vijiji ambako dawa ipo wilayani, mtoto mgonjwa yupo nyumbani, na katikati kuna mto uliofurika. Hatuna Dakota. Lakini kupanga safari kabla ya ugonjwa tunaweza.

Kwa hiyo masika hayajaanza, kaeni kama familia mkubaliane. Nani ana pikipiki, nani ana gari? Namba ya dereva imeandikwa wapi? Nauli ya dharura anaitunza nani? Daraja likikatika, mtapita wapi? Na gari linaloleta dawa zahanati, je, mganga anaweza kuomba libebe mgonjwa linaporudi?

Mtoto mwenye homa kali au degedege hawezi kusubiri kikao cha ukoo. Kikao kifanyike leo, angali mzima anacheza uani.