Jogoo wa Mtihani

Kila mwaka jogoo yule yule huwika katika insha za watahiniwa wa Kenya. Huwika alfajiri na mapema, umande ukimetameta majanini, naye msimulizi akajinyosha kitandani mithili ya chatu aliyemeza mbuzi. Ukiyaondoa majina ya wahusika, insha ya Kisumu huwezi kuitenga na ya Kwale. Hata mtoto wa Eastlands, ambaye huamshwa na honi za matatu, siku ya mtihani huamshwa na jogoo.

Ubunifu haukumnyima mtoto huyo. Ni saa iliyomnyima. Katika KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilitengewa dakika 40. Karatasi ya kwanza ya KCSE humtaka mtahiniwa aandike insha 2 kwa saa 1 na dakika 45, kila moja isipungue maneno 400. Aandike, afute, aandike upya saa ngapi? Mwerevu hujiwekea akiba ya mafungu aliyoyakariri, na mwalimu wake, ambaye naye hupimwa kwa wastani wa shule, humsaidia kuikusanya akiba hiyo.

Mtahini tusimwonee. Mbele yake pana rundo la karatasi, na haki yadai kwamba yeye na mwenzake wafikie alama zinazokaribiana. Sarufi na tahajia huhesabika kwa kalamu nyekundu. Huonekana pia kama msimulizi ameshughulikia pande zote mbili za methali. Lakini mtoto aliyesimulia mazishi ya nyanya yake kwa sentensi fupi zisizo na tashbihi hata moja, atawekwa wapi? Mmoja ataona ukavu wa lugha. Mwingine ataona huzuni. Basi mwongozo, kwa kutafuta mwafaka, huegemea kinachohesabika, na darasa huufuata.

Matokeo yake huonekana chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hurudishiwa kazi yake pasipo kosa hata moja la tahajia, pembeni pameandikwa: 'Iandike upya.' Huduwaa. Karatasi ya KCSE hairudishwi kwa mwenyewe. Alichopata ni gredi tu. Hubisha mlango wa mhadhiri, kazi mkononi, kuuliza kosa liko mstari gani.