Itaendelea Toleo Lijalo

Nilikuwa na miaka tisa siku niliponunua karanga za shilingi hamsini pale Mlango Mmoja, zimefungwa ndani ya hadithi. Karanga zenyewe zilikwisha kabla sijafika Mabatini, maana hamsini haikuwa hela ya kujivunia, lakini karatasi niliikunjua nikawa naisoma huku natembea, mpaka mwendesha baiskeli mmoja akanitukana. Ulikuwa ukurasa wa gazeti la zamani, rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa. Mwizi kajificha darini. Mwenye nyumba kaegemeza ngazi, panga mkononi, anapanda taratibu. Halafu chini kabisa, kwa herufi za mlalo: Itaendelea toleo lijalo.

Nilirudi mbio kwa muuza karanga nikamwomba anionyeshe karatasi zake nyingine. Akanionyesha. Lilikuwa daftari la hesabu la mtoto wa mtu, limejaa makosa. "We mtoto, mimi nauza karanga," akasema. Basi mpaka leo hii ninapoandika, yule mwizi bado yuko darini.

Jioni nilimpelekea mjomba ile karatasi. Akaishika kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mchumba wake wa zamani. "Hii ni Sani hii, au mdogo wake," akasema, na usiku ule hakukuwa na mazungumzo mengine nyumbani. Sani lilianza Dar es Salaam miaka ya 1980, na mjomba alikuwa kijana wa kijiweni Igogo. Alinisimulia Ndumilakuwili na ndimi zake mbili, Lodi Lofa, na Madenge, yule mtoto mtundu ambaye kila mzazi alidhani amechorwa kwa kumtazama mwanawe. Gazeti, kwa maelezo yake, lilipandishwa treni Dar likafuata reli ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, na lilipotua huku wa Dar walikuwa wameshalisahau. Mmoja alinunua, kumi wakasoma. Wa kumi alisoma bila jalada, na mara nyingi bila mwisho.

Walimu wengi wa Kiswahili walilidharau, ati linaharibu lugha. Mimi sina ubavu wa kubishana na walimu, ila najua kitu kimoja: mjomba aliishia darasa la saba, na mtu aliyemfanya asome baada ya hapo hakuwa mwalimu. Alikuwa Madenge.

Kwa bibi ilikuwa kitu kingine. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, ngumbaru, kijijini upande wa Misungwi. Msomaji ambaye hukukulia huku Kanda ya Ziwa huenda hujui kwamba Mwanza ilikuwa makao ya mradi mkubwa wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, katika mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na ile iliyoitwa Ziwa Magharibi. Watu wakajua kusoma, kisha ikaonekana hawana cha kusoma. Mwaka 1974 likaanzishwa hapa hapa Mwanza gazeti la vijijini, kwa Kiswahili chepesi, likaitwa Elimu Haina Mwisho. Bibi alikuwa na nakala nne chini ya godoro, pamoja na cheti cha ubatizo na risiti za pamba. Macho yalipomwishia akawa ananiita nimsomee. Mbolea, maji ya kuchemsha, utunzaji wa ng'ombe. Halikuwa gazeti la watoto hata kidogo, lakini ndilo la kwanza nililomsomea mtu kwa sauti, na bibi alinisahihisha pale niliporuka mstari kwa sababu yote alikuwa anayajua kwa moyo.

Nimeyataja ya mjomba na bibi kwa sababu nataka kuuliza jambo ambalo nimeuliza tangu karanga zile. Mbona magazeti yetu ya vijana yanakufa? Tena mbona yanakufa katikati ya hadithi?

Usiniambie hatuna historia. Mwaka 1888, kabla Mjerumani hajaishika vizuri nchi hii, pale Kiungani Unguja, kwenye shule ya misheni ya UMCA, lilianza kutoka gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi. Walioliandikia walikuwa wanafunzi na walimu vijana waliotoka mikononi mwa shule hiyo hiyo. Hebu fikiri: kitu cha kwanza kabisa kwenye safari ndefu ya magazeti ya Kiswahili kimetoka shuleni, kwa vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 likaja Kiongozi la Tanga, nalo lilitoka kwenye shule, ile ya serikali ya Kijerumani. Mwingereza naye alipokuja, Idara ya Elimu ikaanzisha Mambo Leo mwaka 1923, na ukumbi wake wa mashairi ukawa shule ya malenga. Mashairi yake yalikusanywa hata yakawa kitabu.

Vyuo vikuu navyo vilikuwa na yao. Makerere walianza Penpoint mwaka 1958, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi tu hadithi zake zilipochapwa humo. Dar es Salaam wanafunzi wakaja na Darlite mwaka 1966, baadaye likaitwa Umma. Kiingereza kilitawala humo, hilo nakubali, na kijana wa Mirongo asingeelewa mengi. Lakini walikuwa na mahali pa kukosea hadharani. Mwandishi mchanga anahitaji mahali pa kukosea kuliko anavyohitaji sifa.

Sasa tazama nani alilipia karatasi. Kiungani, misheni. Tanga, serikali ya Mjerumani. Mambo Leo, serikali ya Mwingereza. La bibi yangu, serikali yetu na marafiki zake wa nje. Hata lile tulilosoma sisi sekondari, Femina, lililoanza mwaka 1999 likaja kuitwa Fema, lililetwa shuleni bure kwa fedha za wafadhili, na tuliligombania kama maandazi ya saa nne. Kenya wana Shujaaz tangu 2010, katuni na Sheng kwa wingi, nalo liligawiwa bure. Sina neno baya juu yao. Lakini anayelipia karatasi ana jambo lake analotaka usikie: dini, kodi, mbolea, mpira wa kiume. Hadithi inapewa chumba cha uani. Sani peke yake, katika niliyoyataja, liliishi kwa mia mia za wasomaji wenyewe, na ndiyo maana namheshimu Madenge.

Kuna nchi huko Ulaya inaitwa Slovenia. Watu wake ni kama milioni 2. Mkoa wetu wa Mwanza peke yake, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya milioni 3.6. Lugha yao majirani wengi hawaizungumzi. Gazeti lao la kwanza la watoto, Vedež, lilizaliwa mwaka 1848 likafa 1850. Nilipolisoma hilo nilifurahi, Mungu anisamehe. Kumbe na wao! Lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1871 wakaanza jingine, Vrtec, likaenda mpaka Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945, vita vimeisha juzi, wakaanza Ciciban, jina la mtoto katika mashairi ya Oton Župančič, na miaka 75 baadaye lilikuwa bado linatoka. Mtoto wa kule anasoma gazeti alilosoma bibi yake. Simwonei wivu kwa theluji yake wala kwa barabara zake, ila kwa hilo tu.

Nimelizungusha sana jambo, sasa nilitaje. Mimi mwenyewe nimeua gazeti.

Mwaka 2014, tukiwa kidato cha tatu, watano wetu tulianzisha jarida. Jina lake nitalificha, lilikuwa la kujikweza mno. Karatasi nne za A4 zikunjwe katikati, kurasa kumi na sita. Fotokopi ilikuwa shilingi hamsini kwa upande, kwa hiyo kila nakala ilitugharimu mia nne, tukapanga kuuza mia tano. Nakala arobaini, elfu kumi na sita. Tulikuwa na elfu tisa. Mzee wa duka la fotokopi akatukopesha elfu saba iliyobaki, na mhariri mkuu, yaani mimi, nikaweka saini kwenye daftari lake kama mtu mwenye kiwanda.

Hadithi bora ilikuwa ya rafiki yangu mmoja ambaye watu wao ni wa Ukerewe. Kijana anatoka usiku na baba yake kuvua dagaa kwa karabai. Wanatengana kwenye ukungu. Alfajiri kijana anaona mtumbwi wa baba yake, taa bado inawaka, haonekani mtu. Aliandika kurasa nane za daftari, kwa mwandiko wa kubana, bila kufuta hata neno. Sijasoma tena kitu cha kunishika vile kilichoandikwa na mtu ninayemjua.

Akataka itoke yote. Nikakataa. Nilimwambia kwamba gazeti zuri hukata hadithi pale inapouma ili msomaji anunue toleo la pili. Nilikuwa nimejifunza kwenye karatasi ya karanga, si unajua. Nikaikata kijana anapoushika ukingo wa mtumbwi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa na mashairi yangu matatu na nafasi ilikuwa haitoshi. Sasa nimeyasema.

Tuliuza nakala ishirini na mbili, nusu kwa mkopo, na mkopo wa mwanafunzi unajua unavyolipwa. Tukaokota elfu sita na mia tano. Mwalimu mmoja akatuita, akatuuliza kama tunaijua Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 na kama jarida letu limesajiliwa. Sijui alikuwa anatania. Wenzangu wawili hawakusubiri kujua. Mzee wa fotokopi akasema toleo la pili haligusi mashine mpaka deni liishe. Nikampa zote zilizopatikana, nikabaki na deni la mia tano ambalo sijalilipa mpaka leo, maana lile duka siku hizi wanauza simu.

Daftari la rafiki yangu lilikuwa kwangu. Ningependa kukuambia kwamba liliishia kufungia karanga, ingependeza. Halikufungia kitu. Mvua za mwaka uliofuata Mto Mirongo ulipanda, maji yakaingia chumbani, na daftari lilikuwa chini ya kitanda. Nilililaza juani siku tatu. Wino ulikuwa umekwenda zake.

Sikumwambia. Tulimaliza shule, kila mtu njia yake. Mwezi uliopita nimekwenda Mwaloni, Kirumba, kutafuta dagaa wa jumla kwa ajili ya msiba, nikasikia mtu ananiita kutoka nyuma ya magunia.

"Mhariri! Toleo la pili lini?"

Ni yeye. Kanenepa, kalamu sikioni, ana wateja wa kutoka Kongo wanamsubiri. Tukacheka, tukapigana mabega. Nikaona kama sikusema siku ile sitasema tena, nikamweleza habari ya maji. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nilijua. Mtu akishakaa na daftari lako miaka miwili bila kukurudishia, unajua."

"Ule mwisho unaukumbuka?" nikamuuliza. "Ndani ya mtumbwi kulikuwa na nini?"

"Baba yake. Kalala, homa imemshika."

"Hapana bwana. Hakukuwa na mtu. Uliandika akaingia ndani, akakaa pale anapokaa baba yake, akaanza kupiga kasia."

"Mimi?"

"Wewe."

"Hilo umeandika wewe kichwani mwako." Lakini hakuonekana ana uhakika. Mmoja wa wale Wakongo akamwonyesha saa. Akapindua karatasi ya hesabu za magunia, akaandika mstari mmoja, akausoma, akaukata. "Siku ya kazi haiwezekani," akasema. "Njoo Jumapili saa nane, mzigo unakuwa mdogo. Na safari hii daftari nakaa nalo mimi."

Akanipimia dagaa, akanipunguzia bei kwa sababu ya msiba. Siku hizi, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, wanatilia kwenye mifuko ya karatasi. Niliigeuza pande zote mbili kwa mazoea. Haikuwa na maandishi.

Jumapili ni keshokutwa. Daftari nimeshanunua, la kurasa mia mbili, na mia tano nimeiweka ndani yake.